Ng'ombe Aliyemeza Plastiki Apasuliwe Mapema

Ng'ombe anafura tumbo leo, kesho anaonekana amepona, baada ya siku chache anafura tena. Maziwa yanapungua, kinyesi ni kidogo, mbavu zinaanza kuhesabika. Wafugaji wengi hapa Ndara watamlaumu mnyoo kwanza. Dawa ya minyoo ikishindwa, atanyweshwa mafuta ya kupikia. Nayo yakishindwa, ataitwa mwenye bucha. Hoja yangu ni kwamba katika sehemu kama Voi na Maungu, ambako mifugo hulisha kandokando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi na kuchakura majaani, daktari wa mifugo ndiye wa kuitwa kabla ya bucha, na aitwe mnyama angali na nguvu. Upasuaji wa kutoa takataka tumboni haubahatishwi. Kinachouharibia sifa ni kuchelewa.

Mtoto akimeza sarafu ikafika tumboni, kwa kawaida hutoka yenyewe kwa njia ya haja kubwa, na wanaohitaji kupasuliwa ni wachache sana. Ng'ombe hana bahati hiyo. Tumbo lake la kwanza, ambalo kwa ng'ombe mkubwa hubeba zaidi ya lita 100, limeumbwa kuzuia chakula mpaka kisagike, na mlango wa kutokea ni mwembamba. Majani hucheuliwa, yakatafunwa upya na kuchachuliwa na vijidudu hadi yakapita. Plastiki haichachuki wala haisagiki, kwa hiyo hubaki, ikajisokota na kamba na nyasi hadi ikawa donge gumu. Mafuta hayaliyeyushi. Kumtoboa ubavuni kwa sindano nene hutoa gesi na kunaweza kumwokoa asife usiku huo, lakini donge liko palepale. Waya na misumari ni balaa zaidi: huzama kwenye tumbo la pili, ambalo limekaa karibu sana na moyo, na ng'ombe anaweza kufa kwa usaha uliozunguka moyo huku mwenyewe akidhani ni homa.

Kuna atakayesema tatizo hili lilikwisha Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017. Ni kweli hali ilikuwa mbaya: kabla ya hapo, kwenye vichinjio vya Nairobi kuna ng'ombe waliotolewa hadi mifuko 20 tumboni. Lakini marufuku ile ililenga mifuko ya kubebea bidhaa. Karatasi ya mkate, pakiti ya unga, kamba ya nailoni na gunia vyote vingali vinatupwa, na kiangazi kikikausha nyasi, ng'ombe mwenye njaa ya chumvi na madini hatabagua.

Upasuaji wenyewe hufanywa ng'ombe akiwa amesimama, amebanwa kwenye kibanio, ubavu wa kushoto ukiwa umenyolewa, ukaoshwa na kutiwa ganzi. Daktari hupasua ngozi na misuli, kisha huvuta ukuta wa tumbo la kwanza na kuubana kwenye kingo za jeraha kabla hajautoboa, ili uchafu usimwagikie ndani. Hatua hii ndiyo inayotenganisha kazi safi na kifo cha baada ya siku tatu. Baadaye huingiza mkono hadi begani, akatoa donge, akapapasa na tumbo la pili kutafuta chuma, kisha akashona tabaka kwa tabaka. Kwa mbuzi kazi ni ileile, ila dawa ya ganzi ipimwe kwa uangalifu mkubwa, kwani kiasi kikizidi humuua.

Pingamizi la gharama ni zito na silipuuzi. Dume mzee au ng'ombe tasa hastahili kupasuliwa, auzwe. Mtamba mwenye mimba au ng'ombe wa maziwa ana hesabu nyingine, kwa sababu mfugaji haokoi bei ya nyama tu, anaokoa ndama na maziwa ya miaka ijayo. Wanaosema atakula plastiki tena wanasema kweli, iwapo atarudishwa jaani bila jiwe la chumvi wala lishe. Na wanaodai wanaopasuliwa hufa, wengi wamewaona waliopelekwa wakiwa hawawezi tena kusimama. Mwili uliokwisha hauungi kidonda, uwe wa ng'ombe au wa binadamu. Ng'ombe aliyefikia hali hiyo singempasua mimi pia.

Kosa ninaloliona baya kuliko yote ni lile la katikati: kumchoma mnyama sindano za antibaiotiki ovyo, wiki baada ya wiki, bila kuamua. Dawa hizo haziondoi plastiki, lakini hufunga mlango wa bucha, kwa kuwa nyama na maziwa yake hayafai kuliwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe. Akifura mara ya pili, mwite daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, mkubaliane siku hiyohiyo: kisu cha daktari au cha mchinjaji.