Brady, Montana au Mahomes? Kuelewa ubishi wa kila Jumatatu kazini

Ni Jumatatu, saa nne asubuhi, katika chumba cha mapumziko kazini. Wenzako wawili wanabishana kwa sauti ya juu. Mmoja anagonga meza na kusema Brady ni mbuzi. Wa pili anakataa katakata: mbuzi ni Mahomes. Mzee wa kona anatikisa kichwa na kusema wote wawili ni watoto, mbuzi alikuwa Montana. Wewe uliyefika Marekani mwaka huu unainamia chakula chako, ukijiuliza kama watapigana, na kwa nini watu wazima wanaitwa jina la mnyama.

Ndugu msomaji, tulia. Hakuna ugomvi. Neno wanalolisema, "goat", kwa Kiingereza ni mbuzi kweli, lakini hapa ni herufi za mwanzo za maneno manne yenye maana ya "bora kuliko wote wa nyakati zote". Ni sifa kubwa kuliko zote anazoweza kupewa mchezaji. Wanabishana juu ya kwotabeki, mchezaji mkuu wa futiboli ya Kimarekani.

Kiingereza cha kazi tunakishika haraka: beba, weka, ngoja, tayari. Kiingereza cha mapumziko ndicho kinachompita mgeni, na huko ndiko watu wanakojuana. Makala hii itakusaidia kuufuata ubishi huu, hata kama hujawahi kutazama mechi moja.

Kwotabeki ni nani?

Kwanza tuweke sawa jina. Hapa Marekani neno futiboli halina maana ya mpira wetu wa miguu. Mpira wetu wanauita soka. Futiboli yao huchezwa zaidi kwa mikono, na mpira wenyewe umechongoka pande mbili.

Kila timu ina wachezaji 11 uwanjani. Uwanja una urefu wa yadi 100, yaani karibu mita 91, pamoja na eneo la kufungia kila upande. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10. Ikifaulu, hupewa mengine manne. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Ukifika na mpira katika eneo la mwisho umepata tachidauni, ambayo ni pointi 6. Mpira ukipigwa kwa mguu ukapita kati ya milingoti ni pointi 3.

Karibu kila jaribio huanzia mikononi mwa kwotabeki. Anapokea mpira, kisha ana sekunde mbili tatu za kuamua: ampe mwenzake akimbie nao, aurushe kwa aliye mbali, au akimbie mwenyewe. Wakati huohuo, wanaume wenye uzito wa zaidi ya kilo 100 wanamjia kwa kasi ili wamwangushe. Kocha huongea naye kupitia chombo kidogo kilichomo ndani ya kofia yake ngumu, lakini sauti hiyo hukatwa zikiwa zimebaki sekunde 15 za kuanzisha jaribio. Kuanzia hapo anaamua peke yake.

Kuna jambo moja ambalo wageni wengi hawalijui. Timu ikipoteza mpira, kwotabeki hutoka nje na kukaa kwenye benchi, na wachezaji wa ulinzi huingia. Kwa hiyo makwotabeki wa timu mbili hawakabiliani uwanjani. Mtu akisema "Brady alimshinda Mahomes", maana yake timu ya Brady iliishinda timu ya Mahomes. Nusu ya ubishi wote imejificha hapo: ushindi ni wa mtu mmoja, au ni wa kundi zima?

Wanapima kwa nini?

Ukisikiliza vizuri utagundua kwamba wenzako hawapingani juu ya mambo yaliyotokea. Wanapingana juu ya kipimo. Vipimo vyenyewe ni vinne.

Kipimo cha kwanza ni pete. Fainali ya ligi ya NFL inaitwa Super Bowl, na huchezwa mara moja kwa mwaka. Timu ikishinda, kila mchezaji hupewa pete. Tom Brady ana pete 7: sita alizipata na New England Patriots na moja na Tampa Bay Buccaneers. Hakuna mchezaji mwingine aliyefika hapo. Watu wanaipenda zaidi hadithi yake kwa sababu alianza chini. Kila mwaka timu huchagua kwa zamu vijana wanaotoka vyuoni. Mwaka 2000 Brady alichaguliwa akiwa wa 199, baada ya makwotabeki wengine sita. Katika fainali ya Februari 2017, timu yake ilikuwa nyuma kwa pointi 28 kwa 3 dhidi ya Atlanta Falcons. Ilimaliza na ushindi wa 34 kwa 28 katika muda wa nyongeza. Mwaka 2021 alishinda fainali nyingine akiwa na umri wa miaka 43.

Wazee watakujibu kwa Joe Montana wa San Francisco 49ers. Yeye ana pete 4 tu, lakini alicheza fainali nne na kushinda zote nne. Brady alicheza kumi na kupoteza tatu. Tena Montana alirusha pasi 122 katika fainali hizo, na hakuna hata moja iliyonaswa na wapinzani. Katika fainali ya Januari 1989, timu yake ilikuwa nyuma kwa pointi tatu, imebaki dakika tatu na ushee, na kuna yadi 92 za kwenda. Akawapeleka wenzake mpaka mwisho, na tachidauni ya ushindi ikapatikana zikiwa zimebaki sekunde 34.

Kipimo cha pili ni takwimu. Hapa utasikia jina la Dan Marino wa Miami Dolphins. Mwaka 1984 alirusha pasi za jumla ya yadi 5,084 katika msimu mmoja, na hakuna aliyewahi kuvuka 5,000 kabla yake. Lakini alifika fainali mara moja tu, Januari 1985, na timu yake ikafungwa na timu ya Montana. Alistaafu bila pete. Utasikia pia jina la Peyton Manning, aliyepata tuzo ya mchezaji bora wa msimu mara 5, kuliko mtu yeyote, na aliyerusha pasi 55 za tachidauni katika msimu wa 2013. Ana pete 2. Wapenzi wa takwimu huuliza: je, tumhukumu mtu kwa makosa ya walinzi wake?

Kipimo cha tatu ni macho. Watu wa kipimo hiki husema: acha hesabu, tazama anavyocheza. Ndio wengi wanaomsifu Patrick Mahomes wa Kansas City Chiefs. Baba yake alikuwa mrushaji katika ligi kuu ya besiboli, na Mahomes mwenyewe aliicheza besiboli alipokuwa kijana. Hurusha mpira akiwa anakimbia, akiwa ameinama, hata akiwa anatazama upande mwingine. Kufikia Februari 2024, akiwa na miaka 28, alikuwa na pete 3. Katika fainali zote tatu alizoshinda, timu yake iliwahi kuwa nyuma kwa pointi 10. Lakini amepoteza fainali mbili: ya 2021, dhidi ya timu ya Brady, na ya 2025, dhidi ya Philadelphia Eagles.

Hiyo ya 2021 ndiyo inayowasha moto kila Jumatatu. Tampa Bay ilishinda 31 kwa 9. Upande wa Brady husema: walikutana, matokeo yanajulikana, tumemaliza. Upande wa Mahomes hujibu: wachezaji muhimu wa kumkinga walikuwa majeruhi, akakimbizwa usiku kucha, na Brady hakuwa yeye aliyemkimbiza. Sasa unaelewa kwa nini ile habari ya benchi ina uzito.

Kipimo cha nne ni nyakati. Super Bowl ilianza Januari 1967. Kabla ya hapo walikuwepo mabingwa wengine. Otto Graham wa Cleveland Browns alicheza misimu 10, kuanzia 1946 mpaka 1955, na kila msimu timu yake ilifika fainali. Ilitwaa ubingwa mara 7, nne kati ya hizo katika ligi nyingine ambayo baadaye ilikufa. Kwa hesabu hiyo analingana na Brady, lakini vijana wengi hawalijui jina lake. Tena sheria zimebadilika. Mwaka 1978 walinzi walizuiwa kuwagusagusa wapokeaji kama zamani, na kurusha pasi kukawa rahisi zaidi. Leo pia kwotabeki analindwa na waamuzi kuliko babu zake walivyolindwa. Kulinganisha yadi za 1955 na za 2024 ni kama kulinganisha bei za sokoni za miaka hiyo miwili.

Wale ambao hawakupewa nafasi

Kuna upande wa ubishi huu ambao hausemwi sana mezani, na ni vizuri uujue.

Kwa miaka mingi, vijana weusi waliocheza ukwotabeki vyuoni walihamishwa nafasi walipofika ligi kuu. Waliambiwa wakimbie au wapokee pasi. Kuongoza timu, walidhaniwa hawawezi. Warren Moon aliiongoza timu ya chuo chake, University of Washington, kushinda mechi kubwa ya Rose Bowl mnamo Januari 1978. Mwaka huohuo hakuna timu hata moja ya NFL iliyomchagua. Alikataa kubadilishwa nafasi, akavuka mpaka kwenda Kanada, akacheza Edmonton misimu sita na kutwaa ubingwa wa huko mara tano mfululizo. Ndipo mwaka 1984 Houston wakamchukua. Mwaka 2006 aliingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo.

Doug Williams naye, Januari 1988, alikuwa kwotabeki mweusi wa kwanza kuanza mechi ya Super Bowl. Timu yake ya Washington ilishinda 42 kwa 10 dhidi ya Denver, na yeye alirusha pasi nne za tachidauni katika robo ya pili peke yake. Ilipita miaka 35 zaidi kabla ya makwotabeki wawili weusi kukutana katika fainali moja. Hao walikuwa Mahomes na Jalen Hurts, Februari 2023.

Kwa hiyo swali la "nani bora wa nyakati zote" lina swali jingine ndani yake: nani aliruhusiwa kujaribu? Takwimu za Moon katika NFL hazina ile misimu sita ya Kanada. Wewe uliyefika hapa na vyeti vyako au ufundi wako, ukaambiwa uanze upya chini, huhitaji kuelezwa sana. Ukilitaja jina la Warren Moon katika mazungumzo, wengi watageuka kukutazama.

Ukiulizwa wewe

Huna haja ya kujifanya mjuzi. Wenyeji hufurahi zaidi kueleza kuliko kukosolewa. Maswali mawili yanatosha kukuingiza.

La kwanza: "Wewe unapima kwa pete au kwa uchezaji?" Swali hili linaonyesha kwamba umeuelewa ubishi, hata kama hujachagua upande.

La pili: "Ulianza kumtazama nani ulipokuwa mtoto?" Hili ni zuri zaidi. Mara nyingi mtu hujibu kwa kukutajia baba yake, sebule ya nyumbani kwao, na mechi waliyoitazama pamoja. Utaona kwamba yule anayemwita bora wa nyakati zote mara nyingi ndiye aliyekuwa bora alipokuwa na miaka kumi. Sisi nasi ndivyo tulivyo tunapobishana juu ya Pelé na Maradona, au Messi na Ronaldo. Mweleze hayo. Hapo mazungumzo yatakuwa ya pande mbili.

Angalia pia uko wapi. Karibu na Boston, Brady ni mtu wa nyumbani. Kansas City, usimseme Mahomes vibaya kabla hujamaliza kujitambulisha.

Ukialikwa nyumbani kwa mtu kutazama mechi, nenda kama unaweza. Msimu huanza Septemba, mechi nyingi ni Jumapili, na Super Bowl huwa Februari. Muulize mwenyeji ulete nini. Sahani ya sambusa haikataliwi. Kama hutumii pombe au nyama ya nguruwe, sema mapema bila aibu. Ni jambo la kawaida hapa.

Lakini ubishi ukigeuka kuwa wa pesa, kaa kando. Kamari ya michezo ina sheria tofauti katika kila jimbo, programu zake za simu ni rahisi kufungua, na mshahara wa wiki unaweza kwisha kabla ya robo ya nne.

Kuhusu nani bora, hatutakuamulia. Sikiliza vipimo vyote vinne, tazama mechi chache, kisha chagua wako. Jumatatu ijayo, wakianza tena habari ya mbuzi, sogeza kiti chako karibu na meza.