Spika husingiziwa tu, tatizo limo katika nyimbo

WAFANYABIASHARA wa Busia wanaijua adha hii. Umefungulia muziki ili kuvuta wateja. Rumba ya TPOK Jazz yasikika kwa mbali, nawe waongeza sauti. Kabla hujarudi kwenye mitumba yako, bongo fleva yaingia na spika inakaribia kupasuka. Mteja aliyekuwa akiulizia bei aziba masikio na kwenda zake. Abiria wa mabasi ya usiku ya Nairobi na Kampala, yawe yanapitia Busia au Malaba na Tororo, nao huamshwa hivyo hivyo.

Nimewasikia wengi wakilaumu redio. Kwa maoni yangu, redio haina hatia.

Nyimbo za Franco au benga ya D.O. Misiani zilirekodiwa kwa ajili ya santuri, na nyingi zilipitia kaseti kabla ya kufika kwenye flashi yako. Ndani yake sauti hushuka na kupanda. Lakini tangu miaka ya 1990, studio nyingi duniani zilibana sauti ili kila sehemu ya wimbo ivume kwa nguvu ile ile, kila mmoja akitaka wake umshinde jirani. Changanya aina hizo mbili na lazima zigombane. Anayerejea nyumbani kutoka Dubai au London na nyimbo alizokusanya kwa miaka mingi ndiye huteseka zaidi.

Dawa ipo, tena ya bure. Mwaka wa 2001, David Robinson alipendekeza mbinu iitwayo ReplayGain, ambayo hupima wimbo mzima jinsi sikio linavyousikia, si kilele chake tu. Programu ya kompyuta ya MP3Gain hufuata hesabu hiyo. Huilinganisha nyimbo ya MP3 na kiwango cha desibeli 89, kwa hatua za desibeli 1.5, bila kuirekodi upya, hivyo ubora haupotei. Kwa kuwa hubadilisha faili lenyewe, hata redio ya bei rahisi ya sokoni itatii.

Shusha nyimbo kali badala ya kupandisha zile za chini, kwani ukizidisha, vilele hukatwa na mikwaruzo huanza. Sauti utaiongeza baadaye kwenye amplifaya. Wanaotumia Spotify, iliyofika Kenya na Uganda mwaka wa 2021, wana kitufe cha kusawazisha sauti katika mipangilio.

Nakala mbovu, hata hivyo, haina daktari. Wimbo wa kilobiti 64 ukigeuzwa kuwa 320 hunenepa tu, haupati uhai.

Msichanganye desibeli hizo 89 za kompyuta na kelele ya dukani. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu asisikilize sauti ya desibeli 80 kwa zaidi ya saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, ni saa 4 pekee. Mteja hupita, lakini mwenye kibanda hushinda hapo tangu asubuhi. Spika na ielekezwe barabarani, mbali na kiti chake.