Mpangaji ameondoka, deni limebaki: Utalipwaje?

Tuchukue mfano wa mama mjane wa Tabata, jijini Dar es Salaam, anayeishi kwa kodi ya vyumba vitatu alivyoachiwa na marehemu mumewe. Kodi hiyo ndiyo ada ya watoto, ndiyo mboga, ndiyo dawa yake ya presha.

Mpangaji mmoja amekaa miezi mitano bila kulipa Sh80,000 ya kila mwezi. Kila akidaiwa anasema mwisho wa mwezi. Hatimaye mwenyekiti wa mtaa anaitwa, kijana anahama. Mama anafungua chumba na kukuta kioo cha dirisha kimevunjika, sinki la choo limepasuka na bili ya maji haijalipwa. Kwa hasira analizuia friji la kijana mpaka alipwe.

Hapo ndipo wenye nyumba wengi wanapoharibu madai yao. Kudai ni haki yako, lakini kujilipa kwa mali ya mwenzako bila amri ya chombo cha sheria ni jambo jingine. Kijana anaweza kwenda polisi au kufungua madai, na mama aliyekuwa mdai akageuka mdaiwa.

Afanye nini basi? Kwanza apige hesabu ya haki. Kodi ya miezi mitano ni Sh400,000. Tuseme kioo na sinki ni Sh85,000, na maji Sh45,000. Jumla ni Sh530,000.

Rangi iliyofifia au kitasa kilicholegea kwa miaka havimo humo. Huo ni uchakavu wa kawaida, mzigo wa mwenye nyumba. Fedha walizolipwa vijana wa mtaani kutoa vyombo nje bila amri yoyote nazo ni vigumu kumbebesha mpangaji. Na kama mpangaji alilipa miezi sita mbele akatolewa mwezi wa nne, miezi miwili iliyobaki ni fedha yake. Toa unachomdai, kinachobaki mrudishie.

Pili, ushahidi. Piga picha kabla fundi hajagusa kitu, ikiwezekana mjumbe akiwepo. Tunza risiti za fundi, bili ya maji na ujumbe wa simu ambao mpangaji alikiri deni.

Mkataba wa maandishi nao una masharti yake. Usipolipiwa ushuru wa stempu TRA, unaweza kukataliwa kama ushahidi mpaka ushuru huo na faini yake vilipwe. Wengi hulijua hilo wakiwa tayari mbele ya baraza.

Tatu, mahali pa kwenda. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anaweza kuwakutanisha, lakini hana mamlaka ya kuhukumu. Baraza la kata nalo, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, linapatanisha tu. Mkishindwana, anayeamua ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukishinda huko unaweza kuomba na gharama za shauri, na mali ya mdaiwa ikikamatwa itakamatwa kwa amri, kupitia dalali aliyeidhinishwa.

Kwa mjane wetu lipo swali jingine: nyumba ni ya nani kwa maandishi? Kama hati na mkataba bado vina jina la marehemu, anayetambuliwa kudai kwa niaba ya mali hiyo ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Familia nyingi hukusanya kodi miaka kumi bila kufungua mirathi. Siku mpangaji anapogoma, ndipo inaonekana kwamba mama hana karatasi ya kumsimamisha mbele ya baraza. Muhtasari wa kikao cha ukoo na cheti cha kifo ndivyo wengi huanza navyo kwenda Mahakama ya Mwanzo.

Mwisho, pima faida. Kufuatilia Sh530,000 kunataka nauli, ada na siku za kazi. Chumba kikikaa tupu miezi miwili mkisubiri kesi, Sh160,000 nyingine zimekwenda. Ukishapiga picha na kutunza risiti, tengeneza chumba, pangisha.

Kijana naye mwite kwa mwenyekiti, mwandikishane alipe kidogo kidogo, tuseme Sh100,000 kwa mwezi, kila upande ukiwa na shahidi wake. Friji mrudishie siku hiyohiyo, asaini kwamba amelipokea. Mtu aliyerudishiwa chombo chake mbele ya watu, na deni lake limeandikwa mbele ya watu haohao, hana tena kisingizio cha kutolipa.

Na kwa mpangaji atakayefuata, usimpe ufunguo kabla hamjakagua chumba pamoja, mkaandika hali yake na wote mkatia saini.