Mkondo wa Utulivu Katika Vikuza Nguvu vya Valvu

Mpenzi wa redio za ridhaa akinunua kikuza nguvu cha valvu, huuliza kwanza kitatoa wati ngapi. Swali zito zaidi ni hili: mtambo ukiwa tayari kurusha, na msemaji bado amenyamaza, ni mkondo kiasi gani unapita kwenye valvu? Kiasi hicho huamuliwa na bayasi, yaani volti inayowekwa kati ya gridi na kathodi. Gridi ikiwa hasi kupita kiasi, valvu hufungwa, silabi za chini hazipiti, na zinazopita hutoka zimekatwa umbo. Wimbi lililokatwa hivyo hutapakaa hadi masafa ya jirani na kuwavuruga watu walio kwenye mazungumzo yao. Ndiyo maana naihesabu bayasi kuwa haki ya majirani kabla ya kuwa siri ya fundi.

Chukua Heathkit SB-220 ya Marekani, iliyouzwa vipande vipande ili mnunuzi aiunde mwenyewe. Ina valvu mbili za 3-500Z ambazo gridi zake zimeunganishwa na ardhi, na dayodi ya zena ya takriban volti 5 kwenye njia ya kathodi. Kathodi ikipandishwa volti 5 juu ya gridi, ni sawasawa na gridi kushushwa volti 5. Wakati wa kusikiliza, mkondo hufungwa kabisa, valvu zisichemke bure wala kuleta mvumo kwenye kipokezi.

Wapo wanaopunguza mkondo wa utulivu, ule unaopita msemaji akiwa kimya, ili valvu zidumu. Hesabu yao ni ya kweli: kwa volti 3,000, kupunguza miliampea 100 huokoa wati 300 za joto. Lakini anodi za 3-500Z mbili zimeundwa kuhimili wati 1,000 zikipozwa kwa feni, na gharama ya akiba hiyo humwangukia msikilizaji mwingine. Anayetuma Morse peke yake ana hoja, kwa sababu ishara yake ni kuwaka na kuzima tu. Kuzidisha nako ni hatari: miliampea 400 kwa volti hizo ni wati 1,200, kabla neno halijatamkwa.

Valvu huchakaa na hazifanani, kwa hiyo usiitegemee namba ya kitabuni peke yake. Soma mita ya mtambo wenyewe, na usiguse ndani kabla ya kuchomoa waya na kuhakikisha kapasita zimeisha chaji, maana volti 3,000 huua.