Shaba Inapozidi Shambani: Namna Seli za Mmea Zinavyojikinga

Na Mwandishi Wetu

Kwa miaka mingi wakulima wa kahawa nchini wamekuwa wakitumia viuakuvu vyenye shaba kukinga mibuni dhidi ya magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Dawa hizo zimeokoa mavuno ya kaya nyingi. Hata hivyo, shaba ni metali. Haiozi wala haivunjwi na vijidudu vya udongo. Ile inayooshwa na mvua kutoka majanini hubaki katika tabaka la juu la udongo na kuongezeka msimu hadi msimu. Je, inapozidi, nini hutokea ndani ya mmea?

Ikumbukwe kuwa shaba yenyewe si adui. Mmea huihitaji kwa kiasi kidogo katika usanisinuru na katika kazi za baadhi ya vimeng'enya. Tatizo huanza inapozidi mahitaji. Shaba iliyo huru ndani ya seli hupokea na kutoa elektroni kwa urahisi, na kwa njia hiyo huchochea kutokea kwa oksijeni kali, ambayo hushambulia utando wa seli, protini na hata DNA.

Oksijeni kali hutokea pia katika mmea wenye afya, hususan jua linapowaka sana. Kwa sababu hiyo, kila seli ina mfumo wa ulinzi unaoundwa na antioksidanti, na mfumo huo hufanya kazi kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni ya kimeng'enya kiitwacho superoksidi dismutesi, ambacho kazi yake ilielezwa mwaka 1969 na wanasayansi Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Kimeng'enya hicho hugeuza superoksidi kuwa peroksidi ya hidrojeni. Aina yake mojawapo haiwezi kufanya kazi bila shaba na zinki. Hivyo metali inayodhuru ikizidi ndiyo hiyo hiyo inayolinda ikiwa kwa kiasi.

Hatua ya pili ni kuiondoa peroksidi hiyo kabla haijakutana na shaba huru na kuzaa sumu kali zaidi. Kimeng'enya cha katalesi huivunja kuwa maji na oksijeni. Ndani ya kloroplasti, kazi hiyo hufanywa kwa msaada wa vitamini C, ambayo ikishatumika hurejeshwa katika hali yake ya awali kwa msaada wa glutathioni.

Glutathioni ina jukumu jingine pia. Mmea huitumia kutengeneza fitokelatini, ambazo huikamata metali iliyozidi ili ifungiwe katika vakuoli, mbali na sehemu nyeti za seli. Hapa ndipo ugumu ulipo: akiba moja hutakiwa kwa kazi mbili kwa wakati mmoja. Mzigo wa shaba ukiendelea kuongezeka, ulinzi huzidiwa, mizizi hudumaa na majani hugeuka manjano. Aidha, virutubisho na nishati vinavyotumika kujihami ndivyo ambavyo vingejenga matawi na kujaza punje za kahawa.

Kutokana na hali hiyo, mkulima anashauriwa kufuata kipimo na idadi ya mipulizo iliyoelekezwa kwenye lebo, kwani kuongeza dawa si kuongeza kinga. Ni muhimu pia kupima udongo, kwa kuwa udongo wenye tindikali nyingi huruhusu shaba zaidi kufyonzwa na mizizi, ilhali samadi na mboji husaidia kuishikilia. Vilevile, kupanda aina bora za kahawa zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, zilizotolewa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI), hupunguza haja ya kupuliza dawa hizo.

Mmea una uwezo wa kujilinda, lakini uwezo huo una kikomo. Mkulima asiyeuvusha kikomo hicho huulinda udongo wake na mavuno ya misimu ijayo.