Kabla ya Vidonge, Umekula Nini?

Wagonjwa wanaoacha dawa kimyakimya, wengi wao si wakaidi. Nimekaa kwenye dirisha la dawa hapa Tanga muda wa kutosha kuwafahamu: mzee wa presha, mama wa sukari, kijana wa kifua kikuu. Ukiwauliza kwa upole, bila kuwagombeza, wanakueleza jambo lilelile. Wakishameza dawa asubuhi moyo unachafuka, mate yanajaa mdomoni, kijasho chembamba kinawatoka, na wengine wanatapika mpaka nyongo. Mtu akivumilia hali hiyo siku kadhaa, anaupandisha mfuko wa dawa juu ya kabati na kusema dawa zile ni kali, hazipatani naye. Kliniki wanaamini anaendelea na dozi. Nyumbani presha inapanda bila dalili yoyote, mpaka siku kiharusi kitakapompiga.

Naandika kwa sababu kichefuchefu cha namna hii mara nyingi kinazuilika, tena bila gharama kubwa. Kinachohitajika ni kujua dawa ipi inataka chakula, ipi haitaki, na ipi haijali.

Chukua mfano wa bibi mmoja aliyeletwa na bintiye. Ana kisukari, ana presha, na magoti yanamsumbua. Nilimwomba atoe kila alichonacho. Mezani pakajaa: metformini na glibenklamidi za sukari, amlodipini na losartani za presha, aspirini ndogo ya moyo, na diklofenaki ya magoti aliyojinunulia mwenyewe duka la jirani.

"Shikamoo bibi. Hizi unazimeza saa ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Saa 12, nikishaswali. Nazitia zote kiganjani, nazimaliza mara moja."

"Na unakuwa umeshakula nini?"

"Chai ya rangi tu. Chakula mpaka saa 5, wajukuu wakishapika."

Wakati huo alikuwa ameshaziacha zote, maana hakujua ni ipi inayomchafua. Hapo ndipo ilipo hatari. Kichefuchefu hakimtajii mgonjwa jina la dawa, kwa hiyo mgonjwa anaufukuza mfuko mzima. Amlodipini na losartani zinaweza kumezwa kabla au baada ya kula, na kwa kawaida hazichafui moyo. Bibi aliziacha bila kosa lao, na presha yake ikabaki bila ulinzi.

Zilizobaki ndizo zilizohitaji mazungumzo. Metformini inajulikana dunia nzima kwa kusumbua tumbo: kichefuchefu, gesi, kuharisha, ladha ya chuma mdomoni. Ndiyo maana huanzishwa kwa dozi ndogo, mara nyingi miligramu 500, kisha kuongezwa taratibu, nayo humezwa katikati ya mlo au mara baada ya kula. Watu wengi wakifuata utaratibu huo usumbufu hupungua baada ya wiki chache. Asiyepata nafuu aombe ile inayoyeyuka polepole, ambayo ni laini zaidi kwa tumbo.

Glibenklamidi ni habari nyingine. Inaliamuru kongosho kutoa insulini, uwe umekula au hujala. Ukiimeza saa 12 na chakula kikaja saa 5, sukari inashuka mno. Mtu anatetemeka, anatokwa jasho, moyo unaenda mbio, anachanganyikiwa, na pia anasikia kichefuchefu. Anadhani ni ukali wa vidonge, kumbe ni sukari iliyoporomoka, na anachohitaji dakika hiyohiyo ni maji yenye sukari au soda ya kawaida, kisha chakula. Kwa wazee dawa hii haishauriwi, kwa kuwa huweza kushusha sukari kwa muda mrefu.

Kuhusu aspirini na diklofenaki, pamoja na ndugu yao ibuprofeni, ni vizuri kuelewa zinavyofanya kazi. Tumbo lina asidi kali ya kusaga chakula, na ukuta wake unalindwa na ute ambao mwili huutengeneza kwa msaada wa kemikali ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizohizo ndizo zinazoleta maumivu na uvimbe gotini. Diklofenaki ikizizuia, goti linapoa, na tumbo nalo linapoteza kinga. Chakula hupunguza ukali na kichefuchefu, lakini hakiondoi hatari yote, kwa sababu dawa huufikia ukuta wa tumbo hata kupitia damu. Aliye na umri mkubwa, presha, ugonjwa wa figo au vidonda vya tumbo asijinunulie dawa hizi dukani. Diklofenaki inaweza pia kupandisha presha na kuumiza figo, hasa ikichanganywa na dawa za presha za aina ya losartani.

Bibi alirudi kwa daktari wake. Diklofenaki iliondolewa, akapewa parasetamoli. Glibenklamidi ilibadilishwa. Metformini ikahamia kwenye milo, na aspirini ikaja baada ya chakula. Binti yake alikubali kumwandalia uji usio na sukari na kipande cha muhogo wa kuchemsha asubuhi mapema. Leo anameza dawa zake zote zilizobaki, na presha yake imeshuka.

Kwa nini tumbo tupu hulalamika namna hii? Kidonge kikitua kwenye tumbo lenye chakula, huchanganyika nacho na kuingia mwilini polepole. Tumbo likiwa tupu, kidonge kinagusa ukuta moja kwa moja, na dawa inaingia kwenye damu kwa kishindo. Chembechembe za ukuta wa utumbo zikiudhiwa hutoa kemikali iitwayo serotonini, inayoamsha mshipa wa fahamu unaopanda kutoka tumboni hadi sehemu ya chini ya ubongo. Hapo ndipo panapoamriwa kutapika. Karibu na hapo pana kituo kingine kinachopima sumu ndani ya damu, na chenyewe hakikuzungushiwa uzio mkali unaoikinga sehemu kubwa ya ubongo. Dawa inayopanda ghafla kwenye damu hugunduliwa hapo kana kwamba ni sumu. Mtu anayemeza vidonge sita kwa mkupuo mmoja anaziamsha njia zote mbili kwa pamoja.

Dawa nyingine ambazo huwa nasisitiza zifuate chakula ni metronidazoli, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Flagyl, na prazikwanteli ya kichocho, ile wanayopewa watoto shuleni. Mzazi, siku ya kampeni ya kichocho usimpeleke mtoto na njaa.

Dawa ya mseto ya malaria inastahili maelezo yake. Mtu mzima hupewa vidonge 24, vinne kila dozi, dozi sita kwa siku tatu. Lumefantrini iliyomo ndani yake inapenda mafuta: ikimezwa baada ya mlo wenye mafuta mengi, kiasi kinachoingia mwilini kinaweza kuongezeka hadi mara 16 kuliko ikimezwa na njaa. Kwa hiyo chakula hapa kinatuliza tumbo na pia kinaifanya dawa iue vimelea. Mgonjwa wa malaria hana hamu ya kula, hilo naelewa, na malaria yenyewe inatapisha. Lakini si lazima pilau. Kikombe cha maziwa, uji wa karanga, au ndizi zilizopikwa kwa nazi vinatosha. Ukitapika kabla ya saa nzima kupita, dozi hiyo inapaswa kurudiwa, kwa hiyo rudi kituoni upate vidonge vya kufidia.

Doksisaiklini nayo ina tabia yake. Ikikwama kooni inaunguza umio. Imeze na glasi nzima ya maji, ukiwa umeketi wima au umesimama, na usilale kwa nusu saa. Chakula chepesi kinaruhusiwa, ila maziwa yanaipunguzia nguvu. Vidonge vya damu wanavyopewa wajawazito vinafyonzwa vizuri zaidi tumboni kukiwa kutupu, lakini mama akichafuka ni afadhali avimeze na chakula kuliko kuvitupa. Asivimeze na chai, kwani chai huyazuia madini ya chuma. Chungwa linasaidia.

Sasa upande wa pili, kwa sababu ushauri wa "kula kwanza" haufai kwa kila kidonge. Omeprazoli humezwa nusu saa hivi kabla ya chakula. Levothairoksini, ya tezi ya shingo, inataka tumbo tupu na maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kifungua kinywa. Dawa za kifua kikuu, hasa rifampisini na isoniazidi, hufyonzwa vizuri zaidi saa 1 kabla ya kula au saa 2 baada ya kula. Hapo ndipo nilipomkuta mkata mkonge mmoja. Anaondoka nyumbani alfajiri, anameza vidonge vyake na maji, anatapika njiani, na kazini kuna jua. Alishaanza kuruka siku. Kwa mgonjwa wa namna hiyo miongozo inaruhusu kumeza dawa pamoja na chakula kidogo, au kuzihamishia usiku kabla ya kulala. Alihamia usiku. Dozi inayofyonzwa pungufu kidogo ni bora kuliko dozi iliyomwagwa njiani, na kuruka siku ndiko kunakozaa kifua kikuu sugu.

Mwezi wa Ramadhani huwa na changamoto yake katika mji wetu. Adhana ya magharibi ikilia, mgonjwa ambaye hajala tangu daku anameza dawa za siku nzima kwa maji ya kwanza, kisha anakwenda kuswali, na katikati ya sala anachafuka. Fungua kwa tende na maji, unywe uji, ule kidogo, kisha umeze dawa zinazotaka chakula. Metformini ya mara mbili kwa siku inaweza kugawanywa futari na daku. Lakini mpango huo upangwe na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, hasa kwa wanaochoma insulini au kutumia dawa zinazoshusha sukari. Na ambaye ugonjwa wake hauruhusu kufunga, dini imempa ruhusa; asione haya kuitumia.

Kuna jambo zito zaidi, nalo ni kwamba wapo wanaomeza dawa na njaa kwa sababu chakula hakipo. Tunawaandikia "1x3 baada ya kula" wakati nyumbani wanakula mara moja. Mgonjwa anaona aibu kusema, na mtoa dawa hakuuliza. Tukiuliza, njia zinapatikana. Dozi kubwa huwekwa kwenye ule mlo mmoja, au daktari anachagua dawa ya mara moja kwa siku. Kiazi kitamu kimoja, ndizi mbivu, kipande cha muhogo au kikombe cha uji kinatosha kwa dawa nyingi. Chai ya rangi peke yake haitoshi. Kituo chenye ustawi wa jamii kimwelekeze mgonjwa huko, kwa sababu chakula chake ni sehemu ya matibabu.

Kichefuchefu kingine kisisubiri ushauri wa dirishani. Nenda hospitali mara moja ukitapika damu au matapishi ya rangi ya kahawa yenye chembechembe, au ukipata choo cheusi cha kunata kama lami. Nenda pia macho yakigeuka manjano au mkojo ukiwa mweusi, hasa ukiwa kwenye dawa za kifua kikuu. Rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, na hilo ni la kawaida. Manjano ya macho si ya kawaida kamwe. Kutapika kila unachokunywa, kuchanganyikiwa, au kichefuchefu kinachoambatana na maumivu ya kifua na jasho jingi, vyote hivyo ni vya dharura.

Kwa wengine wote ombi langu ni hili. Usiache dawa zote, usizigawe mwenyewe kwa kubahatisha, wala usikimbilie kuongeza kidonge cha kuzuia kutapika. Zifunge zote kwenye mfuko, pamoja na ulizonunua dukani na dawa za miti shamba unazochemsha, uje nazo dirishani. Utuambie unazimeza saa ngapi, unakuwa umekula nini, na kichefuchefu kinakuja baada ya muda gani. Kwa majibu hayo mara nyingi tunaweza kutambua kidonge kinachosumbua.

Na wenzangu tunaotoa dawa, foleni ni ndefu, najua, na bahasha ya dawa ni ndogo. Lakini pale tunapoandika 1x2 pana nafasi ya maneno mawili zaidi: "katikati ya mlo", "kabla ya kula", "usiku ukilala". Tuyaandike kwa Kiswahili kinachosomeka, tumwombe mgonjwa ayarudie kwa mdomo wake, na kabla hajaondoka tumuulize kesho asubuhi atakula nini.