Bearhawk: Ndege ya Kujijengea, Kiwanja Chake ni Pori

Je, wajua kuwa ipo ndege ya watu wanne ambayo mtu huijenga mwenyewe gerejini, kisha akaenda kutua nayo kwenye kokoto za kando ya mto? Inaitwa Bearhawk. Ilibuniwa na mhandisi Bob Barrows wa Virginia, Marekani, na ya kwanza iliruka mwaka 1995. Mjenzi hununua michoro akaanza na mabomba matupu, au hununua vipande vilivyoandaliwa kiwandani.

Kule Alaska na kwenye milima ya Idaho, viwanja vingi vya ndege havina lami. Ni majani, mawe na mashimo. Ndiyo maana Bearhawk, kwa muundo wake wa asili, haina gurudumu la pua. Ina matairi mawili makubwa mbele na gurudumu dogo mkiani, hivyo pua huinuka na propela hukaa mbali na mawe. Lakini mpangilio huo unadai umakini: kitovu cha uzito kiko nyuma ya matairi makubwa, kwa hiyo rubani akizembea wakati wa kutua, mkia hutaka kutangulia na ndege huzunguka ghafla.

Mabawa ni ya bati la alumini. Kiwiliwili ni mabomba ya chuma chenye kromiamu na molibdenamu, yaliyochomelewa na kuvikwa kitambaa cha poliesta. Kitambaa hubandikwa kwa gundi, kisha hupigwa pasi. Kwenye nyuzi 120 hivi za Selsiasi huanza kunywea. Kwenye 175 hivi hukaza kama ngozi ya ngoma. Baadaye hupakwa tabaka kadhaa, mojawapo ikiwa na unga wa alumini wa kukikinga na jua.

Injini yake ya nguvu farasi 180 hadi 260 huinua uzito wa jumla wa kilo 1,134, karibu nusu yake ikiwa watu, mizigo na mafuta.

Sheria ya Marekani inataka zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na wajenzi wasio wa biashara. Mkaguzi akiridhika, ndege hujaribiwa angani, kwa kawaida saa 25 au 40, kabla ya kubeba abiria. Hata hapo, hairuhusiwi kutoza nauli. Anayeijenga hupata faida nyingine, nayo ni kubwa: huijua ndege yake mpaka kiungo cha mwisho, na anaweza kuomba kibali cha kuikagua mwenyewe kila mwaka.